Nusu Saa Niliyoiomba

Hadi leo nikisikia stata inazungusha injini ambayo haiwaki, chakula kinanishinda. Si utani. Ni zaidi ya miaka thelathini nafanya kazi ya umeme wa magari hapa Lushoto, na sauti hiyo ndiyo iliyonisomeshea watoto, lakini ikinijia nikiwa mezani nasukuma sahani pembeni. Mke wangu anadhani ni vidonda vya tumbo. Sijamweleza, kwa sababu ili nimweleze lazima nianze na pikapu ya shemeji, na nikianza na pikapu ya shemeji nitafika tu kwenye jicho la mama mkwe wake.

Namwita shemeji kwa ajili ya marehemu mumewe, ambaye alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi. Alipofariki alimwachia mkewe shamba la viazi na karoti huko juu, ukishapita msitu wa Magamba, na pikapu ya petroli yenye siti ya mbele peke yake, na mama yake mzazi. Shemeji alivibeba vyote vitatu. Viazi alilima, pikapu alijifunza kuiendesha akiwa na miaka arobaini na kitu, na yule mama alimtunza vizuri kuliko wengi wanavyowatunza mama zao wenyewe.

Macho ya mama yalikuwa yanaisha. La kushoto lilishakufa zamani. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na madaktari walisema hilo likipasuliwa ataona tena. Madaktari wenyewe ni wageni. Wanakuja mara moja kwa mwaka, wanafanya upasuaji siku chache hospitalini mjini, kisha wanafunga masanduku yao na kwenda wilaya nyingine. Jina la mama lilikuwa kwenye orodha ya siku ya mwisho, Jumatano, na aliambiwa afike kabla ya saa sita mchana.

Sasa niseme habari ya kompyuta, maana huko ndiko nyongo yangu ilikoanzia. Pikapu ile ikibeba viazi ilikuwa inachoka mlimani. Shemeji alishaniuliza mara mbili kama kuna dawa, nami nikamjibu kwamba injini imezeeka, aizoee hivyo hivyo. Mwanawe anayeishi Tanga akampata kijana mmoja wa huko mwenye laptopu. Kijana anachomeka waya chini ya usukani, anaingia kwenye kompyuta ya gari, anabadilisha mahesabu ya petroli na moto, na gari linaamka. Hafungui hata boneti. Anakaa kwenye kiti cha dereva na viatu vyake visafi, anabonyeza, basi.

Mambo hayo nilikuwa siyapendi hata kidogo. Nilishayaona magari ya vijana wa mjini yakipita gerejini kwangu yakipiga mishindo kwenye ekzosi, moshi mweusi nyuma, harufu ya petroli isiyoungua ikiingia hadi kwenye chai. Mtu anaongeza nguvu ya gari kwenye barabara ambayo kutoka hapa hadi Soni huwezi kunyoosha usukani kwa dakika nzima. Nilikuwa nikitema mate kila wakipita. Nayasema haya ili ijulikane nilikuwa na hali gani siku ile ya Jumapili, shemeji aliposimamisha pikapu mbele ya gereji, akitoka Tanga, akiwa anacheka.

"Shemeji, njoo usikie! Kutoka Mombo mpaka hapa sijashuka gia ya kwanza hata mara moja."

Nikaja, nikasikia. Ilikuwa inanguruma vizuri, hakuna mishindo wala moshi. Kijana alikuwa ameifanya kazi yake kwa adabu. Na ndiyo maana niliumia. Nikamwambia shemeji, "Haya, tutaona itadumu siku ngapi." Tabasamu likampungua, akanunua mkate duka la jirani, akaenda zake.

Jumatatu pikapu ikapeleka viazi Soni. Jumanne ikapeleka karoti. Jumanne jioni wakaiosha, wakaiandaa kwa safari ya mama. Jumatano saa mbili na nusu asubuhi simu yangu ikaita.

"Shikamoo shemeji. Gari inapiga stata lakini haiwaki. Jana jioni ilikuwa nzima kabisa. Na leo ndiyo siku ya mama."

Je, nilisikitika? Ningependa kuandika kwamba nilisikitika. Nilifurahi. Kitu kiliniruka kifuani kwa furaha. Nikamjibu, "Si niliwaambia?" kabla hata sijaitikia shikamoo yake.

Nikapanda bodaboda na sanduku langu la vyombo. Magamba kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio, na mimi njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kusema. Sikuwa nafikiria kosa linaweza kuwa nini. Kosa nilishalijua. Saa tatu na robo nikafika.

Walikuwa wameshamkalisha mama ndani ya gari tangu saa moja. Alivaa kitenge chake cha kwenda kanisani sikukuu na sweta jipya, mapajani ana mfuko wa kitambaa wenye kadi ya hospitali, ameushika kwa mikono miwili. Mgongo wake ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku hiyo walimshindilia mto na mablanketi mawili nyuma ya egemeo la siti ili asiumizwe na mashimo ya barabarani. Siwezi kusahau alivyokaa. Alikuwa amenyooka, uso umeelekea kioo cha mbele, utadhani gari linakwenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sasa umekuja, tutafika." Akaongeza jambo kwa Kishambaa kwa mkwewe, kwamba wanipe chai kwanza kwa sababu nimepigwa na baridi. Nikakataa chai. Majirani watano sita walikuwa wamesimama kando, nami nilitaka kuanza.

Nikafungua ufunguo hatua moja bila kupiga stata, nikatega sikio. Gari lile likiwa zima, ukifungua ufunguo pampu ya petroli inalia kule nyuma kwenye tangi, mlio mwembamba wa sekunde mbili, kisha inanyamaza. Safari hii haikulia. Kwa hiyo moto wa umeme haufiki kwenye pampu, na petroli haifiki kwenye injini. Stata inazungusha, plagi zinatoa cheche, lakini hakuna cha kuunguza. Hadi hapo nilikuwa sahihi.

Hatua inayofuata naijua kama ninavyoijua Baba Yetu. Unachukua kipande cha waya, unachomoa rilei ya pampu, ile swichi inayoamriwa na kompyuta, kwenye boksi la fyuzi, unaunganisha matundu mawili kwa ule waya ili umeme uende pampuni moja kwa moja bila kuiomba ruhusa kompyuta. Pampu ikilia, basi kosa ni la kompyuta au amri yake. Pampu isipolia, kompyuta haina kesi. Kosa ni la waya unaokwenda nyuma, au pampu yenyewe. Kazi hiyo ni ya dakika mbili. Waya ulikuwa kwenye sanduku langu, juu kabisa, umekunjwa. Nimewafundisha watu wengi jambo hilo, na nimewatukana walioliruka.

Nililiruka. Kulikuwa na watu wanaonitazama na jibu nilikuwa nalo mdomoni tangu Jumapili.

"Kompyuta imeharibiwa," nikatangaza. "Haitoi amri ya pampu. Huyo kijana wenu ameivuruga akili ya gari." Nikachomeka mashine yangu ya kupimia. Ikaleta makosa mawili ya zamani yasiyohusiana na lolote, moja la kihisio cha joto na jingine la taa ya nyuma. Nikayasoma kwa sauti, namba zake zote, na majirani wakatikisa vichwa. Nikikumbuka nilivyozisoma zile namba naona aibu. Ni sawa na daktari anayemsomea mgonjwa wa malaria urefu wake na uzito wake.

Shemeji akasema tumpigie kijana simu. Nikamwambia aweke sauti kubwa, wote tusikie. Kijana akapokea, akajua anaongea na mtu mzima, akasema, "Shikamoo mzee." Sikuitikia. Nikamwambia kwamba ameua gari la mjane, kwamba kuna mama mgonjwa amekaa ndani ya gari hilo sasa hivi, kwamba watu wa aina yake wangeuza simu na kuacha kazi za watu. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Kisha akauliza, kwa upole:

"Samahani mzee. Pampu inalia ukifungua ufunguo?"

"Hailii. Umeiua wewe."

"Umejaribu kuipa moto moja kwa moja, kwa kuruka rilei?"

Nikamwangalia shemeji, naye alikuwa ananiangalia. Nikabonyeza simu, nikaikata. "Anatafuta pa kujifichia," nikasema. Mtoto wa watu, akiwa Tanga, bila kuona gari, alinipa jibu langu mwenyewe mkononi, nami nikalitupa majanini kwa sababu lilitoka kinywani kwake. Ningepewa na fundi mzee mwenzangu ningelipokea.

Saa nne likapita lori la kabichi linalokwenda Soni. Dereva ni mtu wa kijiji kile, akasimama, akasikia habari, akasema pale mbele kuna nafasi ya watu wawili, amchukue mama na shemeji, hospitali iko njiani kwake. Shemeji akaanza kufungua mlango upande wa mama. Nami nikanyanyua kichwa kutoka kwenye boneti.

"Hapana, shemeji. Usimpandishe mama kwenye lori, mgongo wake huo. Nipe nusu saa tu."

Niliona akisita. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Alimtazama dereva, akanitazama mimi, na nadhani alimkumbuka mumewe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpa gari lake fundi mwingine. Akamshukuru dereva. Lori likaondoka, na majani ya kabichi yakabaki yameanguka barabarani. Sikumzuia kwa ajili ya mgongo wa mama. Nilimzuia kwa sababu mama akiondoka na lori nisingekuwa na mtu wa kumwokoa.

Nusu saa ya kwanza niliitumia kumimina petroli kidogo kwenye njia ya hewa. Injini ikashika sekunde mbili, ikatetemeka, ikafa. Watu wakashangilia, mama ndani ya gari akapiga makofi. "Mmeona?" nikasema. "Injini nzima. Ni kompyuta inaninyima mafuta." Mikono yangu ilikuwa inanuka petroli na nilikuwa naifuta kwenye suruali kwa majivuno. Nusu saa ya pili nikachomoa betri ili kompyuta isahau ilichofundishwa. Nusu saa ya tatu nikaifungua kompyuta yenyewe, nikainusa, nikaipiga brashi, nikaikagua kwa miwani kana kwamba uharibifu wa laptopu unaacha masizi. Kila baada ya muda shemeji alikuja na kuniambia saa ngapi. Sauti yake ilikuwa inazidi kuwa ndogo. Saa tano. Saa tano na nusu. Saa sita, akaacha kuja. Alikuwa akipiga simu kutafuta gari jingine, lakini Jumatano ni siku ya soko na magari yote yalikuwa yameshateremka na mizigo.

Mama hakusema neno la kulaumu. Aliuliza mara moja tu kama jua limetoka, akaambiwa limetoka, akasema basi madaktari wanaona vizuri leo.

Ilipokaribia saa sita na nusu aliniita. "Mwanangu, hapa nyuma kuna kitu kinanichoma. Nisogezee mto."

Nikaingiza mkono nyuma ya siti, kati ya mablanketi na bati. Vidole vikagusa kitu kidogo kigumu, cha duara chini na kichwa kifupi juu. Mkono wangu ulikitambua papo hapo. Ulikuwa umekifunga wenyewe.

Ilikuwa swichi ya siri. Miaka kumi na moja kabla ya siku ile, kipindi ambacho kila mwenye gari aliogopa wezi, rafiki yangu aliniletea pikapu gerejini. Nikakata waya wa pampu, nikapitisha swichi katikati, nikaificha nyuma ya siti. Ukiizima, mwizi atapiga stata hadi betri ife, gari haliwaki. Na huku kwetu swichi ya namna hiyo haitajwi. Fundi anaifunga mlango wa gereji ukiwa umerudishwa, mwenye gari anaonyeshwa, wanabaki wawili wanaojua. Mke haambiwi, dereva haambiwi. Rafiki yangu aliitumia miezi michache akachoka, akaiacha imewashwa. Alipokufa nilibaki najua peke yangu. Niliikumbuka siku ya msiba, nikaona si habari ya kumpelekea mjane pale, nikasema nitamwambia baadaye. Kisha nikasahau kabisa. Jumanne usiku, walipomshindilia mama mto ule ili asiumie, mto uliisukuma swichi, ikazima. Kijana wa Tanga hakuigusa wala hakujua kama ipo.

"Umekipata?" mama akaniuliza.

"Ni skrubu tu, mama."

Nikaisukuma kwa kidole. Ilitoa mlio mdogo sana. Nikausogeza mto. Na hapo, mbele ya Mungu, ningeweza kuchomeka kompyuta na betri kwa dakika mbili, nikazungusha ufunguo, gari lingewaka tukaondoka. Sikufanya hivyo. Nilirudi kwenye boneti. Nilirudisha kompyuta mahali pake, nikafunga skrubu zake nne, mojamoja. Nikachomeka mashine yangu, nikabonyezabonyeza, nikakunja uso, nikasema, "Sasa naiona, sasa naiona." Dakika kumi nzima, labda kumi na tano, niliigiza. Kisha ndipo nikamwambia shemeji ajaribu. Ikawaka mara ya kwanza.

Walinishangilia. Jirani mmoja alinishika mkono akautikisa. Shemeji alikuwa analia kwa furaha huku anaingia gia. Nilipanda nyuma, kwenye bodi, nikakaa juu ya gunia tupu, na tukashuka Magamba kwa zile nguvu mpya za laptopu, kona baada ya kona, mimi nikishikilia bomba.

Tulifika saa saba na nusu. Kwenye chumba cha macho nesi alikuwa anahesabu mashuka, na masanduku ya madaktari yalikuwa yamefungwa mlangoni. Wageni walikuwa wanakula, na baada ya chakula wanaondoka. Nesi aliichukua kadi, akaisoma, akasikitika kweli.

"Mama, walikungoja. Walifunga saa saba kasorobo. Mngewahi hata saa sita na nusu wangekufanyia."

Saa sita na nusu. Saa sita na nusu mkono wangu ulikuwa juu ya swichi, na hata ningeondoka pale pale tusingewahi. Nimejipa faraja hiyo mara nyingi, na kila mara nakumbuka lori la saa nne. Mama akapewa dawa ya matone na akaandikiwa mwakani. Shemeji alikaa kwenye benchi la nje, akafunika uso kwa khanga. Mama ndiye aliyekuwa akimpapasa mgongo.

Ijumaa nikapanda tena kijijini, kwa kisingizio cha kukagua waya zilizotetereka. Nikang'oa ile swichi, nikaunga waya, nikafunga tepu nyeusi. Nikaitia mfukoni. Nilipofika daraja la kwanza nikaitupa mtoni, nikajiona nimemaliza.

Jumamosi kijana alikuja kutoka Tanga. Hakuitwa, alikuja mwenyewe, kwa sababu habari ilishasambaa kwamba amemkosesha bibi kizee macho. Alikuwa mwembamba, amevaa shati limepigwa pasi, laptopu ndani ya begi la shule. Nami nilikuwepo, maana nilisikia anakuja na niliogopa kutokuwepo. Akanipa shikamoo ya heshima, akiinamisha kichwa kabisa. Akapima gari, akarudisha mahesabu ya zamani ya kiwandani bila kuambiwa. Kisha akaweka laptopu pembeni, akalala chini, akafuata waya wa pampu kwa tochi, kutoka kwenye rilei kwenda nyuma, kwa vidole, taratibu, kama inavyotakiwa. Alipofika nyuma ya siti akasimama.

"Mzee," akaniita kwa sauti ya chini. "Hapa kuna tepu mpya. Palikuwa na nini?"

"Palikuwa na waya mbovu. Nimeunga."

Akaitazama ile tepu. Akayatazama matundu mawili ya skrubu kwenye bati, ambayo mimi mjinga sikuyaziba. Kisha akanitazama usoni, na nikajua kwamba amejua. Shemeji alikuwa hatua tatu kutoka pale. Majirani walikuwa pale. Kijana wa umri ule hawezi kusimama mbele ya watu akamwambia mtu mzima, fundi wa baba zao, kwamba ni mwongo. Amelelewa asiweze, na mimi nilikuwa najificha ndani ya malezi yake.

"Sawa, mzee," akasema. Akajifuta vumbi, akamwendea mama mlangoni, akapiga magoti, akaomba radhi kwa usumbufu. Mama akamwekea mkono kichwani. Kisha akarudi Tanga, na kwa ninavyojua hakuna gari la milimani lililopelekwa kwake tena.

Mwaka ukapita. Kumpeleka mama hospitali kubwa kulizungumzwa, akagoma, hajawahi kulala nje ya milima hii na hakutaka kuanza uzeeni. Akasema atawangoja wageni wake. Wageni walipokuja, safari hiyo alifikishwa alfajiri. Daktari alimmulika jicho, akalipima, akasema ule utando wa mtoto wa jicho uliachwa ukaiva mno, presha ya jicho ilipanda, na mshipa wa kuonea umekufa. Hakuna la kupasua tena.

Nilikwenda kumpa pole wiki ile. Mtu wa karibu haendi kweli? Nilimkuta ameketi jikoni karibu na moto, amegeuza uso upande wa joto. Aliijua sauti yangu kabla sijamaliza salamu. Akamwambia mkwewe alete chai na viazi vya kuchemsha, fundi wetu amekuja. Shemeji akanijazia kikombe hadi juu. Mama akasema tuombe kwanza, tukafumba macho, akaomba kwa Kishambaa, taratibu, kama anayeongea na mtu aliyekaa pale pale. Alishukuru kwa mvua na kwa viazi. Alimwombea marehemu mwanawe. Alinishukuru mimi, kwamba siku ile niliacha kazi zangu zote nikapambana na gari kutwa nzima kwa ajili yake. Halafu akaomba, "Na yule kijana wa Tanga aliyeninyima macho yangu, Bwana, usimhesabie. Alikuwa mtoto, hakujua alitendalo. Msamehe kama mimi nilivyomsamehe."

Akangoja. Shemeji aliitikia. Mimi nilifungua macho, nikauona uso wake umenielekea, unangoja sauti yangu.

"Amina," nikasema.